Pazia la Eda

Mwanatumu alimjua kwa hodi.

Alikuwa chumbani akikunja kanzu za marehemu mumewe, zile ambazo Bi Mishi, mavyaa wake, alikuwa bado hajakubali zitolewe sadaka. Mara akasikia mtu akipiga hodi dakani kwa sauti ya chini, moja tu, kisha kimya. Ilikuwa hodi ya mtu anayejua kwamba nyumba za Kibokoni hazijawahi kumkaribisha. Mikono ya Mwanatumu ikasimama juu ya kola. Miaka minne ilikuwa imepita, na ndani ya miaka hiyo alikuwa ameolewa na kufiwa, lakini moyo ulirukia mlangoni kabla yeye mwenyewe hajainuka.

"Nani huyo?" Bi Mishi akauliza kutoka ukumbini.

"Ni mimi, mama. Fondo."

"Fondo yupi?"

"Fondo wa Kingi."

Nani asiyemjua Kingi? Hapakuwa na nyumba ya maana Mji wa Kale ambayo gunia lake la mchele halikuwahi kupanda mgongo wa Kingi kutoka Marikiti. Mchele waliula wakashiba. Mgongo ule, mpaka ulipopinda na kuingia kaburini, hakuna aliyeuliza ulilala wapi.

"Hapa pana eda," akasema Bi Mishi. "Haingii mwanamume."

"Najua, mama. Sikuja kuingia. Nimekuja kuwapa pole ya Mbaraka, Mungu amrehemu. Tena nina habari ya chuo, yamhusu mkaza mwanao. Nitakaa hapahapa dakani."

"Habari ya chuo haina kesho?"

"Kama ingekuwa na kesho, mama, nisingesafiri usiku kucha."

Bi Mishi akavuta kiti chake mpaka katikati ya ukumbi, akakaa, akatoa tasbihi. Mlango wa nje ukabaki wazi nusu. Mlango wa chumba ukawa na pazia lake zito la kijani, na nyuma ya pazia akaja Mwanatumu, akakaa chini kwenye mkeka. Hivyo ndivyo walivyokaa: yeye ndani, Fondo nje kwenye baraza la mawe, na mama wa marehemu katikati yao kama ukuta wenye masikio.

"Ongeeni," akasema Bi Mishi. "Nasikia."

Chini ya pazia palikuwa na mwanya wa vidole viwili. Mwanatumu akaviona viatu vya Fondo, vyeusi, vina vumbi jekundu ambalo si la Mombasa. Cha kushoto kilikuwa kimeshonwa ubavuni. Hakujua kwa nini ule uzi ulimtia uchungu kuliko uso ambao hakuuona.

"Habari za Nairobi, Fondo?"

"Njema. Sauti yako imekonda."

"Usiseme habari ya sauti," akakata Bi Mishi. "Sema habari ya chuo."

Fondo akakohoa. "Chuo kimefunguliwa. Baada ya kufungwa muda wote ule, sasa wataka kufagia nyumba. Wamebandika tangazo: wanafunzi wote wa shahada ya pili walioandikishwa mwaka wenu, asiyetetea tasnifu yake kabla ya mwisho wa mwezi huu, jina lake lafutwa. Waliofungia wanafunzi nje ni wao, na wanaohukumiwa kwa kuchelewa ni wanafunzi."

"Hakuna kuongezwa muda?"

"Hakuna. Wewe umepangiwa Alhamisi, mchana. Ndicho kikao cha mwisho. Profesa alikuwa keshakuruka. Alisema mjane hatakuja. Nikamkalia mlangoni mpaka akachoka na sura yangu."

"Alhamisi ipi?"

"Hii ijayo."

Mwanatumu akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, na yeye mwenyewe akakishangaa, kwa maana tangu Julai hakuwa amesikia sauti yake ikifanya hivyo.

"Fondo, mimi hata uani huenda nikiwa na sababu. Wewe waniambia Nairobi."

Mbaraka alikufa Julai. Alikuwa karani wa kampuni moja ya uchukuzi Shimanzi. Asubuhi lori la makontena likarudi nyuma bila mtu wa kulitazamia, na alasiri akazikwa. Kampuni ilileta magunia mawili ya sukari na maneno mazuri. Dereva wakamfukuza, mtu wa kulitazamia hawakumwajiri, na lori likaendelea na kazi. Mwanatumu akavaa nyeupe, akavua dhahabu, akaacha wanja na manukato, akaanza miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Hakuzikaa kwa kulazimishwa. Mbaraka hakuwa chaguo lake, lakini alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akifa hudai machozi yake kama mwengine yeyote. Wiki moja kabla ya kufa ndiye aliyezibeba nakala za tasnifu ya mkewe mpaka stendi ya mabasi, akawasisitiza wa mabasi wasiziweke chini ya mizigo ya samaki.

"Nimeliwaza jambo hilo," akasema Fondo. "Nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu kule. Amesema mwenye eda akiwa na haja hutoka mchana, mradi arudi kulala katika nyumba yake. Iko ndege ya asubuhi, na iko ndege ya jioni. Utatoka hapa baada ya alfajiri, na magharibi itakukuta kwenye mkeka huo huo."

Tasbihi ya Bi Mishi ilikwenda punje tatu nne.

"Na ataandamana na nani?" akauliza. "Na wewe?"

"La, mama. Na maharimu wake."

Wote walijua maana yake. Baba wa Mwanatumu alikuwa amekwisha kufa, kaka hakuwa naye. Maharimu aliyebaki duniani alikuwa ami yake, Abdulhalim.

Abdulhalim alikuwa na duka la nafaka Marikiti. Miaka minne nyuma Fondo alituma wazee wawili kwake kwenda kumposa Mwanatumu. Wazee wale hawakupewa hata kahawa. Ami aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na huyo babake Fondo siku ya harusi ataingia kama mgeni, au ataingia na gunia?" Waliokuwapo wakacheka. Mwanatumu alikuwa nyuma ya pazia siku ile pia. Fondo alikuwa Mwislamu mwana wa Mwislamu, na msikitini alisimama na Abdulhalim safu moja, bega kwa bega. Lakini bega lile lile, likitoka nje ya msikiti, lilikuwa la mwana wa mchukuzi wa bara. Mwezi uliofuata wakamleta Mbaraka. Mwanatumu akaulizwa, akanyamaza. Mwanamwali akinyamaza huhesabiwa amekubali, nao wakakichukua kimya chake wakakifungia ndoa.

"Ami hatakubali," akasema Mwanatumu.

"Nimepita dukani kwake. Nimeacha salamu kwamba niko hapa. Atakuja, hata kama ni kuja kunifukuza." Fondo akasogea kidogo, viatu vikabadilisha mahali. "Kabla hajafika, tuseme mimi ndiye mtahini. Bi Mwanatumu, tuambie. Kwa nini kaa wa mikoko, na kwa nini Tudor?"

"Kwa sababu Tudor ni karibu, na ami yangu hakunipa ruhusa ya kwenda mbali."

"Hilo usiliseme Alhamisi."

Bi Mishi akaguna. Labda kilikuwa kicheko.

Mwanatumu akafumba macho. Akaiona mikoko ya Tudor maji yametoka, tope likimeta, yeye amekunja buibui kiunoni, na Fondo, mwanafunzi mwenzake, amezama mpaka magotini akishika kamba ya kupimia. Ile ndiyo posa yao ya kwanza, ambayo hakuna mzee aliyetumwa. Fondo alikuwa ametereza, akaanguka kifudifudi, akainuka na uso mweusi wa tope akasema kwa heshima kabisa, "Nimehesabu watatu zaidi." Mwanatumu alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Jioni ile ndiyo aliyojua kwamba amekwisha.

"Kaa dume ana gando moja kubwa," Fondo akaendelea. "Kubwa kupita kiasi. La kazi gani?"

"La kupunga. Maji yakitoka, husimama kwenye mlango wa shimo lake akapunga, jike apate kumwona."

"Na jike asipotoka?"

"Hupunga tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka maji yarudi. Maji yakirudi, kila mmoja huziba mlango wake kwa tope, akangoja chini."

"Na yakitoka tena, dume hukumbuka alikuwa akipungia shimo lipi?"

"Hilo sikulifanyia utafiti."

"Ungelifanyia."

"Nyinyi," akasema Bi Mishi, "mwaongea habari ya kaa?"

"Ya kaa, mama."

"Basi kaa hao wana maneno mengi."

Nje mwanamke alipita akilumbana na mwenziwe juu ya bei ya nazi, sauti zao zikafifia kwenye kona. Mwanatumu akaupeleka uso wake karibu na pazia. Zamani angekuwa na asumini kichwani, na Fondo angejua yuko wapi kwa harufu. Sasa alinukia sabuni ya kufulia, kama ukuta uliooshwa.

"Na wewe, Fondo? Wewe mwenyewe una habari gani?"

Viatu vya Fondo vikarudi nyuma kidogo, naye Mwanatumu akajua kwamba habari ile ndiyo aliyokuwa akiikwepa tangu alipokaa.

"Mimi pia nina siku yangu ya mwisho. Wajerumani wamenipa nafasi ya udaktari. Natakiwa niwe nimefika siku ya kwanza ya mwezi ujao, Oktoba. Asiyeripoti siku hiyo, nafasi hupewa mwengine."

"Hongera." Neno lilitoka kavu, akalirudia ili lilainike. "Hongera sana. Ni muda gani?"

"Miaka minne. Huenda mitano."

Eda yake ilikuwa inakwisha Novemba. Oktoba haikuwa na huruma. Ilikuwa imekaa katikati kama lori lililozima njiani. Mwanatumu akaisikia hesabu hiyo ikijipiga yenyewe kifuani mwake, naye akajua kwamba na kifuani mwa Fondo ilipigwa zamani, tena mara nyingi, usiku kucha ndani ya basi.

"Naweza kuwaandikia kwamba siji," akasema Fondo, polepole, kama mtu apitaye juu ya ubao mwembamba. "Chuoni iko kazi ya kufundisha wanaoanza. Si kubwa, lakini ipo. Nataka kukuuliza jambo moja, nawe ujibu utakavyo. Nikibaki mpaka Novemba, nitakuwa nimebaki bure?"

Punje za tasbihi zikaacha kugongana.

Mwanamke wa eda haposwi. Kudokezwa, masheikh wameachia. Kutamkiwa wazi, la. Naye kuahidi, hapana. Fondo alikuwa amekwenda mpaka ukingoni kabisa mwa kile kilichoachiwa, akasimama hapo. Mwanatumu akafungua kinywa. Alikuwa nalo jibu, alikuwa nalo miaka minne, lilikuwa neno moja dogo. Lakini kati ya kinywa chake na sikio la Fondo palikaa mama ambaye mwanawe alikuwa bado hajatimiza miezi mitatu ardhini, na mikononi mwake yeye mwenyewe palikuwa na kanzu ya mwana huyo.

Akatafuta namna ya kulisema bila kulisema. Kama angepata pumzi mbili zaidi, angeipata.

"Kumbe siku hizi dakani pana darasa," ikasema sauti nyengine.

Viatu vya Fondo vikasimama. Mbele yavyo yakaja makubadhi ya ngozi na ncha ya bakora.

"Assalaam aleikum, ami," akasema Fondo.

"Waaleikum salaam. Mimi si ami yako. Bi Mishi, huyu nani amempa ruhusa?"

"Mimi," akasema Bi Mishi. "Nyumba ni ya mwanangu. Keti, Abdulhalim, usinisimamie kichwani."

Abdulhalim akaketi. Fondo akamweleza yote, tangazo, Alhamisi, ndege mbili, maneno ya sheikh. Alisema kwa adabu, bila kupandisha sauti, na ami alimsikiliza kama alivyowasikiliza wale wazee wawili, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo eda itoke nje kwa ajili ya kaa."

"Kwa ajili ya kazi yake ya miaka sita, ami."

"Miaka sita ya kukanyaga matope. Binti wa watu."

"Matope hayo hayo Mbaraka aliyapenda," Bi Mishi akaingia. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito. "Alikuwa akirudi kutoka kazini amechoka, amshikie taa mkewe aandike. Tasnifu alizipeleka stendi kwa mikono yake. Alitaka amalize. Mimi mwanangu sikumkatalia alipokuwa hai, nitamkatalia amelala kaburini? Mpeleke, Abdulhalim."

Ami alikuwa mfanyabiashara. Alijua mlango ukifungwa, na alijua kupita kwa mwengine.

"Haya. Kwa ajili ya marehemu, nitampeleka. Na nauli nitalipa mwenyewe. Sitabebwa na mwana wa mchukuzi."

"Umebebwa na babake miaka ishirini, ami," akasema Fondo. "Hukusikia uzito, ndiyo maana umesahau."

Mwanatumu akauma ncha ya kanga. Alilitaka neno lile lisemwe tangu siku ya wazee wawili, na sasa lilipotoka alitamani lingebaki kinywani, kwa kuwa alimjua ami yake. Abdulhalim hakupiga kelele. Aliigonga bakora taratibu kwenye jiwe la baraza.

"Una ulimi. Basi nikuonyeshe kazi ya kuufanyia. Hukutoka Nairobi kwa ajili ya kaa, nami sikuzaliwa jana. Tamka hapa, mbele ya mama wa marehemu, kwamba hutamposa Mwanatumu. Si sasa, si eda ikisha. Tamka, na Alhamisi nampeleka. Usipotamka, atakaa humu, jina lake litafutwa, nami nitalala usingizi wangu."

"Abdulhalim," akasema Bi Mishi.

"Ni neno moja tu. Kama hana nia hiyo, lamgharimu nini?"

Ule ndio mtego, na Mwanatumu aliuona wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mjane si mwanamwali. Mjane kimya chake si ridhaa. Hutakiwa aseme kwa kinywa chake, hata ami hawezi kumsemea. Safari hii alikuwa na haki ya kusema, naye alikuwa amefungwa mahali ambapo haki hiyo haisemeki. Akisema, ami, usimwapishe, ataulizwa, kwani wewe wamtaka? Na jibu lake litamwagika ukumbini, kwenye nyumba ambayo ndara za Mbaraka zilikuwa bado kwenye ngazi, zimeelekezwa nje, kama alivyoziacha. Kesho mtaa mzima ungesema alikuwa akimlilia mume kwa jicho moja.

Akanyanyua mkono. Akalishika pindo la pazia. Kulivuta kungekuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Viatu vya Fondo viligeuka. Vikaelekea kwenye pazia, vikasimama hivyo, ncha zao zikimtazama.

"Mwanatumu," akasema. Haikuwa tena sauti ya mtahini. Ilikuwa ile ya Tudor, ya mtu mwenye tope usoni. "Kitabu chako ni kizuri. Nimekisoma chote, mpaka majedwali. Wakikuuliza Alhamisi, usiinamishe kichwa. Hakuna mule ndani ajuaye hilo ulijualo."

Mwanatumu alikuwa amelikamata lile pindo kwa vidole vyote.

"Natamka," akasema Fondo. "Sitamposa."

"Wala kutuma mtu."

"Wala kutuma mtu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Bakora ikaacha kugonga. "Bi Mishi, umekuwa shahidi. Mwanatumu, umesikia?"

Kule nje, hatua chache tu, Fondo alikuwa akipumua; Mwanatumu alimsikia. Alijua kwamba hata sasa, akisema la, mtu huyu atarudisha kiapo chake, ataacha Ujerumani, atakaa Novemba na baada ya Novemba, na jina la Mwanatumu litafutwa Alhamisi, na Fondo atakuwa amekalia mlango wa profesa bure. Alijua pia kwamba Fondo alikuwa amelijua hilo kabla yake, na ndiyo sababu hakumwachia yeye mzigo wa kuchagua. Aliubeba mwenyewe. Kwao walizaliwa kubeba, na watu hawa walizaliwa kubebewa, na yeye, Mungu amsamehe, alikuwa mmoja wa watu hawa.

"Nimesikia, ami," akasema.

Vidole vikaachia pindo.

"Kwaherini," akasema Fondo. "Mama, kwaheri. Poleni tena na Mbaraka."

"Mungu akutangulie, mwanangu," akajibu Bi Mishi. Na ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa Kibokoni kumwita mwana wa Kingi hivyo.

Ule mwanya chini ya pazia ukabaki na mwanga mtupu. Mwanatumu alizisikiliza hatua mpaka kwenye kona, na baada ya kona akazisikiliza bado. Ami alisema jambo juu ya ndege na vitambulisho, akaaga, bakora yake ikaenda upande wa pili. Ukumbi ukarudi kuwa ukumbi wa msiba.

Bi Mishi aliinuka kwa shida, goti lake bovu likilia. Akalifungua pazia, akaingia, akaketi mkekani. Hakumtazama usoni. Aliichukua ile kanzu mikononi mwa Mwanatumu, akaikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akaiweka pembeni.

"Mwanangu alijua," akasema. "Kabla ya kukuoa aliambiwa. Akaniambia, mama, nitangoja mpaka amsahau. Alikuwa mtu wa subira."

Kilio kilimjia Mwanatumu. Alikizuia kwa meno, kwa kanga, kwa mikono miwili, kama mtu azuiaye mlango.

Bi Mishi akamvuta kichwa, akakilaza pajani pake.

"Lia, mwanangu," akasema. "Hii ni nyumba ya matanga. Hapana atakayekuuliza wamlilia nani."